Siku Ihumwa Watakapowafunga Mzizima

Neno lililomponza Mzee Lameck Matonya hakulisema akiwa amelewa wala amekasirika. Alilisema ameshiba ugali wa uwele na mlenda, ameketi kwenye kiti chake sebuleni, Nkuhungu, mbele ya washenga waliokuja kumposa binti yake, na baada ya kulisema akacheka mwenyewe. Ndiyo maana baadaye alikosa hata kisingizio.

Washenga walikuwa wametumwa na Gabrieli, kijana wa Kisandawe kutoka Kwamtoro. Kiongozi wao alikuwa mjomba wake, Mzee Pantaleo, mtu mkavu wa maneno, ambaye kofia yake aliivua mlangoni na kuipakata muda wote. Walikuja na adabu zao zote. Walipiga hodi wakiwa bado mbali, wakakaribishwa mara mbili ndipo wakakaa, na barua ya posa wakaitoa ndani ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Majirani walidhani Mzee Lameck atauliza habari za kabila, maana yeye ni Mgogo wa Bahi. Mkewe Angelina alidhani atauliza ng'ombe. Hakuuliza hata kimoja.

“Kijana anafanya kazi gani?” ndilo swali lake.

“Ni mchezaji wa mpira,” alijibu Mzee Pantaleo. “Beki wa kati wa Ihumwa Stars.”

Hapo mwenyekiti akashindwa kujizuia. Nasema mwenyekiti kwa sababu Mzee Lameck, ukiacha bucha yake ya nyama ya mbuzi, alikuwa mwenyekiti wa tawi la Nkuhungu la mashabiki wa Mzizima, ile timu kubwa ya Dar es Salaam. Bucha yenyewe aliipaka rangi ya bluu ya Mzizima kuanzia mlango mpaka ukuta wa nyuma. Dar es Salaam alikwenda mara chache, kila mara kwa ajili ya mpira, na kila mara alirudi analalamikia joto. Lakini umguse Mzizima, umemgusa mboni ya jicho.

Wala usimwone kichaa peke yake. Dodoma yetu hii, pamoja na bunge lake na wizara zake na majengo yanayoota kila ukigeuza shingo, ikifika kwenye mpira moyo wake uko Dar. Mzizima wakija kucheza na Ihumwa, timu yetu ya hapa, uwanja wa Jamhuri unageuka bluu. Wenyeji wanabaki na kipembe kimoja cha jukwaa, wanapokaa ndugu wa wachezaji na mama wachache wa kuuza karanga. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofundishwa tangu utoto. Ihumwa walikuwa wanacheza kwao na wanazomewa na wajomba zao.

Watu walikuwa wamewapa na jina, Sheli, yaani kituo cha mafuta, kwa sababu kila timu inayopita Dodoma inajaza pointi tatu na kuendelea na safari. Kampuni za kubeti nazo zilifuata mkumbo huohuo. Ukiweka pesa yako kwa Mzizima siku wanapokutana na Ihumwa, faida haikununulii hata soda. Ukiiweka kwa Ihumwa unaahidiwa mara kumi na tano, kama mtu anavyomwahidi mtoto gari.

“Wazee wangu,” alisema Mzee Lameck huku anajifuta midomo, “mimi sina neno na kabila wala dini. Lakini binti yangu nimpe Sheli? Haya, sikieni. Siku Ihumwa watakapowafunga Mzizima, njooni mumchukue Penina. Kabla ya hapo msipoteze nauli.”

Joel, katibu wa tawi, aliyeitwa pale awe shahidi wa posa, alicheka mpaka soda ikampalia. Mzee Pantaleo hakucheka. Alilirudia lile neno taratibu, kama mtu anayehakikisha namba ya simu, kisha akawauliza waliokuwepo kama wamelisikia hivyohivyo. Wote wakasema wamelisikia.

“Basi tutasubiri,” alisema, akasimama na wenzake, wakaaga.

Penina alikuwa koridoni na sinia la vikombe mkononi, kayasikia yote. Alikuwa muuguzi, mwanamke mzima mwenye kazi yake, si wa kuangua kilio kwa kila jambo. Aliyelia ni mama yake. “Umemwambia mtoto asiolewe, baba Penina,” alisema Angelina. Mzee Lameck akamjibu kwamba wachumba hawajaisha mjini.

Ikapita miezi. Dirisha dogo la usajili lilipofunguliwa, Joel alikuja buchani anakimbia, simu kaishika mbele kama anayeonyesha njia. Mzizima wamesajili beki kutoka Dodoma.

“Kutoka wapi?” aliuliza Mzee Lameck.

“Ihumwa, mwenyekiti. Gabrieli. Huyu wa kwako.”

Kisu kilibaki kimekwama kwenye mfupa. Mzee Lameck aliitazama picha kwenye simu, kijana yuleyule aliyemkataa, kavaa bluu, katabasamu, kashikana mkono na mkubwa wa klabu. Wateja walisubiri nyama yao, wakachoka, wengine wakaondoka. Mzizima ambao yeye aliwaamini kuliko anavyoamini utabiri wa mvua walikuwa wamepanda gari mpaka Ihumwa, wakatazama, wakaona mtu. Jambo hilo lilimshtua, lakini badala ya kumfikirisha lilimfurahisha, na hilo ndilo kosa lake la pili.

Jioni hiyohiyo alitangaza nyumbani kwamba sharti limefutwa, washenga waitwe. Aliyelikataa hilo ni Penina.

“Baba, kijana ni yuleyule,” alisema. “Juzi hakufaa, leo anafaa, na kilichobadilika ni jezi. Mimi siolewi na jezi. Ulisema mbele ya wazee, basi ibaki ulivyosema.”

Mzee Lameck akampigia simu Mzee Pantaleo, akidhani mkubwa mwenzake atakuwa na busara zaidi. Mzee Pantaleo akamjibu kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba wao walisema watasubiri, wanasubiri.

“Umeona ulichokitengeneza?” Angelina alimwambia mumewe. “Kijana akishinda na timu yako anamkosa mke. Akifungwa, anampata. Sasa wewe siku hiyo utashangilia nini?”

Mzee Lameck alisema Ihumwa hawawezi kuwafunga Mzizima, kwa hiyo swali lenyewe halipo. Angetafuta mzee wa kanisa, wangekaa, neno lingelegezwa polepole.

Siku ya mechi uwanja ulijaa bluu mpaka kwenye ngazi. Mzee Lameck alikaa mstari wa mbele na ngoma ya tawi mapajani. Joel alikuwa na mkeka wake, ile karatasi ya kubeti yenye mechi nyingi ambazo zote lazima zitimie ndipo upate chochote, na mstari wa kwanza kabisa aliandika Mzizima. “Hii ndiyo ya kupumzikia,” alisema.

Gabrieli alicheza vizuri kuliko wote. Mipira ya wenzake wa zamani aliisoma kabla haijafika, na mmoja aliuondoa kwenye mstari wa goli kwa goti, akaangukia wavuni yeye, mpira wenyewe usivuke. Mzee Lameck aliruka na ngoma yake. “Mkwe wangu huyo,” aliwaambia watu asiowafahamu. Mzizima walishambulia, walishambulia, na kila mara kulikuwa na mguu wa Ihumwa umefika kwanza. Watu walisema ni bahati. Kipindi cha pili nacho kikaelekea mwisho, bado hakuna goli, watu bado wanasema ni bahati.

Ndipo Ihumwa wakapata kona. Vijana wawili walikwenda kuipiga, winga mmoja mfupi na kiungo mmoja mwenye upara, na walipofika kwenye kibendera wakaanza kugombana. Kila mmoja aliutaka mpira. Mfupi aliuweka chini, mwenye upara akamsukuma bega, mfupi akamnyooshea kidole. Nahodha wao, jitu refu, alitoka katikati ya msongamano wa mabeki, kainua mikono kama mzee wa baraza anayekwenda kusuluhisha mashemeji.

Uwanja mzima uliangua kicheko. “Sheli imeishiwa mafuta!” mtu alipiga kelele nyuma. Mabeki wa Mzizima nao walisimama wanacheka, mmoja mikono kiunoni. Mzee Lameck aliweka kijiti cha ngoma chini ajifute machozi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Gabrieli alikuwa anapunga mikono yote miwili juu ya kichwa, anapiga kelele, anamvuta mwenzake kwa jezi, anaonyesha mlingoti wa karibu. Hakuna aliyemtazama. Mwenye upara, bado mgongo kageuza kana kwamba amesusa, aligeuka ghafla akaupiga mpira chini chini. Nahodha msuluhishi alikuwa ameshaacha usuluhishi na kuanza kukimbia. Akaukuta kwenye mlingoti wa karibu, akainama, akaugusa kwa kichwa, na kipa wa Mzizima akauona ukiwa wavuni.

Uwanja ulinyamaza mpaka ikasikika jenereta ya muuza chipsi nje ya ukuta. Kutoka kwenye kile kipembe cha jukwaa zikaja sauti chache za mama waliokuwa wanalia na kuimba kwa pamoja.

“Limekataliwa?” Mzee Lameck alimwuliza Joel.

“Halijakataliwa, mwenyekiti.”

“Mwamuzi amesemaje?”

“Ameonyesha kati.”

Alibaki anaangalia ubao wa magoli, akingoja uone aibu ubadilike. Haukubadilika. Filimbi ya mwisho ilipolia, mkeka wa Joel ulikuwa umechanika kwenye mstari wake wa kwanza, na mwenyekiti alikuwa bado hajafunga mdomo.

Aliyesema kwanza kwamba mechi imeuzwa hajulikani mpaka leo. Lakini walipofika getini neno lilikuwa limeshapata miguu, na walipofika barabarani likapata jina. Gabrieli. Sababu nayo ilijulikana, kwa kuwa Joel alikuwa ameshalisimulia lile sharti kwenye kila benchi la Dodoma. Kijana kauza mechi apate mke. Kufika kesho yake kipande cha video kilikuwa kwenye kila simu, Gabrieli anapunga mikono na kuonyesha mlingoti wa karibu, na chini yake maneno: anawaelekeza wenzake wa zamani pa kupiga. Klabu ya Mzizima ikatangaza kwamba mchezaji huyo amepumzishwa mpaka jambo lichunguzwe, naye akapanda basi akarudi kwa mjomba wake.

Penina alirudi kutoka kazini, hata sare hajavua. “Baba, wamewafunga.”

“Hawakuwafunga. Wameuziwa.”

“Na neno lako?”

“Neno langu lilikuwa wafunge. Sikusema wauziwe. Binti yangu simpi muuza mechi.”

Penina akaingia chumbani kwake, na kwa siku zile hakukaa naye meza moja.

Hebu itazame dharau inavyofanya kazi. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mzee Lameck alikuwa ameshachomwa na mguu umeshavimba, na bado aliona afadhali aulaumu mguu kuliko kukiri kwamba kuna mwiba. Kijana aliyecheza kama yule, aliyeuondoa mpira kwenye mstari kwa goti lake, alikuwa tayari kumwita mwizi, ilimradi asitamke kwamba Ihumwa wanajua mpira. Na si yeye tu. Nchi nzima ilikuwa hivyo.

Mzee Pantaleo alikuja peke yake mwishoni mwa wiki, akamkuta buchani. Alimwamkia Kigogo, “Mbukwenyi,” kwa adabu ya mgeni anayejua yuko kwa nani.

“Mbukwa,” aliitikia Mzee Lameck bila kuacha kukata.

“Mwenyekiti, umewahi kuwatazama Ihumwa wakicheza?”

“Kila msimu.”

“Wakicheza na nani?”

“Na Mzizima.”

“Siku hiyo macho yako yanakuwa kwa nani?”

Mzee Lameck aliweka kisu chini.

“Jumatano wanacheza na timu ya Mwanza,” aliendelea Mzee Pantaleo. “Gabrieli hayupo, Mzizima hawapo. Nenda ukawatazame wao tu. Ukitoka pale bado unasema kijana aliuza mechi, sisi tunaiondoa posa yetu, na Nkuhungu hutatuona tena. Naliweka hilo juu ya macho yako mwenyewe.”

Mzee Lameck alikubali haraka, kwa furaha hata. Aliona mambo yamekwisha.

Jumatano alivaa shati jeupe, kwa mara ya kwanza akaingia uwanjani bila rangi ya bluu, akajihisi kama mtu aliyetoka nyumbani bila mkanda. Jukwaa lilikuwa tupu, upepo unasukuma vumbi kwenye viti. Alikaa kwenye kile kipembe cha wenyeji kwa kuwa hapakuwa na watu kwingine, kando ya mama mmoja mwenye beseni la karanga.

Kilichomshtua kwanza ni utulivu. Alizoea kuwaona vijana wale wanakimbia kwa hofu, au ndivyo alivyoamini kwamba amewaona. Sasa aliwaona wanapasiana bila kutazamana, kama watu wa nyumba moja wanaopishana jikoni. Mpira ukipotea, watatu walikuwa wameshamzunguka aliyeuchukua. Yule winga mfupi alimpita beki wa Mwanza upande wa kulia, halafu akarudi akampita upande wa kushoto, na Mzee Lameck akajikuta ameshika kichwa. Alijaribu kujiambia kwamba Mwanza ni wabovu. Lakini Mwanza aliwajua, msimu huu walitoka sare na Mzizima kulekule Dar.

“Mama,” alimwuliza yule wa karanga, “hawa siku zote wako hivi?”

“Tangu mwaka jana,” alisema mama yule. “Wewe baba ulikuwa wapi?”

Mzee Lameck alinunua karanga ili asijibu.

Kipindi cha pili, Ihumwa wakapata kona. Mfupi na mwenye upara wakaenda kwenye kibendera. Mfupi aliuweka mpira chini, mwenye upara akamsukuma bega.

Mzee Lameck aliacha kutafuna. Nahodha alikuwa anatoka katikati ya mabeki, kainua mikono, anakwenda kusuluhisha. Mabeki wa Mwanza walisimama wanacheka. Nao walikuwa na simu, nao waliiona ile video. Ila kwa kuwa kila mtu aliamini mechi ile iliuzwa, hakuna kocha hata mmoja aliyejisumbua kulichunguza goli lenyewe.

“Mlingoti wa karibu!” Mzee Lameck alisikia sauti inapiga kelele. “Mkabeni nahodha! Mlingoti wa karibu!”

Sauti ilikuwa yake. Alikuwa amesimama juu ya kiti, karanga zimemwagika, na mikono yake yote miwili ilikuwa inapunga juu ya kichwa. Mwenye upara akageuka, mpira ukaenda chini chini, nahodha akainama, wavu ukacheza.

Mama wa karanga hakushangilia goli. Alikuwa anamkodolea macho mzee aliyesimama juu ya kiti. “Baba,” aliuliza, “kwani wewe uko upande gani?”

Mzee Lameck hakuweza kuishusha mikono yake. Aliitazama, huu wa kulia, huu wa kushoto, akaona ni mikono ileile aliyoiona kwenye video. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu anayejua kinachokuja na hakuna anayemsikiliza. Kijana alikuwa anaonya. Katika uwanja ule wote, bluu tupu, mtu pekee aliyekuwa anaipigania Mzizima alikuwa yule waliyemwita msaliti, wakati mwenyekiti wa tawi anajifuta machozi ya kicheko. Akashuka kwenye kiti, akakaa.

Ihumwa walishinda. Mzee Lameck alitoka wa mwisho.

Kesho yake aliwakuta wanachama wa tawi wamekaa kwenye mabenchi nje ya bucha. Hakuwasalimu.

“Hatukuuzwa,” alisema. “Tulifungwa.”

Joel alianza kucheka, akidhani ni utani. Alipouona uso wa mwenyekiti akaacha.

“Tulifungwa na nani?” mmoja aliuliza.

“Na Ihumwa. Wako vizuri kuliko tunavyosema, na nadhani wako vizuri kuliko sisi. Na anayetaka kubishana na mimi aende kwanza akawatazame.” Akaingia ndani kukata nyama, na siku ile hakuna aliyemfuata.

Jumapili, baada ya ibada, Mzee Pantaleo alikuja na Gabrieli. Kijana alikuwa amekonda. Alisema “Shikamoo baba” akiwa bado kizingitini. Mzee Lameck aliitikia, kisha akafanya jambo ambalo Angelina hakuwahi kumwona akifanya kwa mtu mdogo, akasimama.

“Kabla hujakaa, mwanangu, nimekukosea,” alisema. “Nilikuita mwizi mbele ya watu. Mbele ya watu nimeshasema sivyo, na klabuni nimepiga simu nikasema sivyo. Bado wewe mwenyewe. Nisamehe. Na posa nimeipokea, maana wamewafunga kweli.”

“Yamekwisha, baba,” alisema Gabrieli, macho chini.

Walikaa. Mzee Lameck alivumilia kidogo tu.

“Hebu nieleze. Ile mikono yako. Ulijuaje kabla hawajapiga?”

“Ile ya kugombana tuliitunga sisi wenyewe pale Ihumwa, baba. Nahodha anayekwenda kusuluhisha, zamani nilikuwa mimi.”

“Sasa mbona hukumwambia kocha wako wa Mzizima?”

“Nilimwambia. Asubuhi ya mechi, hotelini, mbele ya wachezaji wote. Nilisimama nikawaonyesha mpaka pa kuweka mguu.”

“Akasema nini?”

“Alicheka, baba. Walicheka wote. Kocha akasema Ihumwa hawataipata hata hiyo kona.”

Mzee Lameck alikuwa anapiga hesabu ambayo haikukubali, akaanza upya, ikakataa tena.

“Subiri,” alisema. “Wewe sharti langu ulilijua. Wakilizuia lile goli, Penina humpati.”

“Nililijua.”

“Na bado ukawaambia namna ya kulizuia?”

Gabrieli alisita. Penina alikuwa ameingia na sinia la chai, Gabrieli akamtazama yeye kwanza kabla ya kujibu.

“Lilinikaa moyoni, baba,” alisema. “Nikikaa kimya nimeiba, nikisema nimempoteza mke. Nikampigia mtu simu, nikamwuliza nifanye nini. Akaniambia nenda kamwambie kocha kila kitu, usiache hata kidogo.”

“Mtu gani huyo asiyekutakia mema?”

Penina aliweka sinia mezani. “Mimi, baba.”

Angelina aliacha kupanga vikombe. Hata Mzee Pantaleo, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akishtuka, aliishika kofia yake vizuri. Mzee Lameck alimtazama binti yake kana kwamba ndiye aliyekuja na wageni.

“Kwa hiyo hukutaka kuolewa?”

“Nilitaka sana. Nilifunga na kuomba Ihumwa washinde. Ila sikutaka mume ambaye kila ikipigwa kona atainamisha kichwa.”

“Na kocha angemsikiliza je? Ungemkosa mume.”

“Asingemsikiliza,” alisema Penina. Alimimina chai, akampa baba yake kwanza, kwa mikono miwili, goti kidogo limekunjwa, kama alivyofundishwa.

“Ulijuaje?”

“Nimekulia humu ndani, baba. Tangu nipate akili namwona mtu wa Mzizima akitajiwa Ihumwa. Anacheka, na akishacheka hasikii tena neno.”

Mzee Lameck alikipokea kikombe. Alitaka kucheka, kwa mazoea tu, akashindwa.